Saa ya kumpeleka mjamzito hospitali isiwe ya kubahatisha

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na familia zenye mama mjamzito aliyeingia mwezi wa nane au wa tisa. Katika wodi za wazazi kuna kauli mbili ambazo kila mkunga amewahi kuzitamka. Moja ni "Bado, rudi nyumbani." Nyingine ni "Mbona mmechelewa hivi?" Mara nyingi anayeambiwa zote mbili ni mama yuleyule, tena ndani ya siku mbili. Aliporudishwa hakuna aliyemweleza aone nini ndipo arejee.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 kati ya 100 nchini Tanzania huzaliwa katika kituo cha afya. Kwa hiyo watu wanakuja. Kinachobaki kuwa tatizo ni saa wanayoondoka nyumbani. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaoua wajawazito katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hayo mawili ya mwisho tuwaachie wenye barabara na wenye hospitali. Fungu la kwanza liko sebuleni kwetu.

Tuanze na tarehe, maana inawachanganya wengi. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha songa mbele miezi 9. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Machi anatarajiwa tarehe 17 Desemba, yaani kama wiki 40. Lakini hayo ni makisio, na ni wachache sana wanaojifungua siku hiyohiyo. Mtoto aliyekomaa anaweza kuja wakati wowote kuanzia wiki ya 37. Kosa tunaloliona kila mara ni mama kupimwa ultrasaundi mwezi wa nane, akapewa tarehe mpya, akaitupa ile ya zamani. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo hukosea kwa siku chache tu, lakini ya mwishoni inaweza kupishana na ukweli kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu wakati huo watoto wameshatofautiana ukubwa kama watu wazima wanavyotofautiana urefu. Tarehe iliyopatikana mapema ndiyo ya kushika. Na aliyefikisha wiki 41 bila dalili yoyote asikae nyumbani akingoja. Aende akapimwe, maana kondo la nyuma nalo lina umri wake.

Dalili za mbali tuzipitie haraka. Tumbo hushuka, mama akapumua vizuri na kiungulia kikapungua, lakini sasa anakwenda kukojoa kila mara na anahisi uzito kwenye nyonga. Kwa mimba ya kwanza hali hiyo huweza kutokea wiki mbili hadi nne kabla ya kujifungua. Aliyekwisha kuzaa anaweza asiione kabisa mpaka siku yenyewe, kwa hiyo tumbo kuwa juu lisimpe mtu uhakika wa kusafiri kwenda harusini. Kiuno kuuma, choo kulegea, kufanya usafi wa nyumba nzima usiku wa manane: hayo yapo, ila hayakupi saa wala siku.

Kisha kuna ute. Katika ujauzito mlango wa kizazi huzibwa na ute mzito. Mlango ukianza kulainika, ute huo hutoka, wakati mwingine kama kipande kimoja cha kuvutika, wakati mwingine kidogo kidogo, ukiwa na michirizi ya waridi, kahawia au damu kidogo. Uchungu unaweza kufuata baada ya saa chache, au baada ya wiki nzima. Ute peke yake, bila maumivu na bila maji, haumkimbizi mtu hospitali kama mimba imetimiza wiki 37. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: ute wenye damu unavutika na ni kidogo. Damu nyekundu inayotiririka au kulowesha pedi si ute tena, na tutairudia hapa chini.

Sasa uchungu wenyewe, ambao ndio unaorudisha watu nyumbani. Katika miezi ya mwisho mfuko wa uzazi hujikaza na kulegea kama unaofanya mazoezi. Wengi huuita uchungu wa uongo, jina ambalo hatulipendi sana kwa sababu mama anaumwa kweli. Kinachoutofautisha ni kwamba hauna mpangilio: unakuja baada ya dakika 7, kisha 20, kisha 12, kisha unapotea. Mara nyingi unashika mbele tu au chini ya kinena. Uchungu wa kweli kwa wengi huanzia kiunoni ukazunguka kuja mbele, na una tabia tatu zinazokwenda pamoja: unakaribiana, unarefuka, unazidi nguvu.

Jinsi ya kuupima. Tumia saa, usikisie. Andika dakika uchungu ulipoanza, si ulipoisha. Ukianza saa 2:10 usiku na mwingine ukaanza saa 2:18, hizo ni dakika 8, hata kama mapumziko katikati yalionekana mafupi. Kosa la kawaida ni kuhesabu kuanzia mwisho wa mmoja hadi mwanzo wa mwingine, na mama akaja akisema "kila dakika tano" kumbe ni sita. Andika pia sekunde ulizodumu. Uchungu wa sekunde 20 bado ni mchanga. Ulioiva hudumu kati ya sekunde 40 na 60.

Kwa nguvu yake, mtu mwingine aweke kiganja juu kabisa ya tumbo, usawa wa kilele cha mfuko wa uzazi, na asikandamize. Uchungu ukifika kileleni aguse pua yake mwenyewe, kisha kidevu, kisha paji la uso. Tumbo likiwa gumu kama ncha ya pua, uchungu ni mwepesi. Kama kidevu, ni wa wastani. Kama paji la uso, ni mkali. Katikati ya uchungu na uchungu tumbo lazima lilegee kabisa. Lisipolegea, acheni kuhesabu, ondokeni.

Kabla ya kuita gari, mama aliyetimiza wiki 37 na asiye na dalili yoyote ya hatari akojoe, anywe glasi mbili za maji, atembee kidogo uani, aoge maji ya uvuguvugu, kisha alale ubavu wa kushoto. Ajipe saa moja. Ukiwa wa uongo, mara nyingi utapungua au kukatika, hasa kama sababu ilikuwa kibofu kujaa au upungufu wa maji mwilini, jambo la kawaida miezi ya joto. Wa kweli utaendelea awe amesimama au amelala. Akisikia pia moto anapokojoa au homa, asiseme ni uchungu tu: maambukizi ya njia ya mkojo na malaria huamsha mfuko wa uzazi, na yote mawili yanahitaji tiba siku hiyohiyo.

Saa ya kuondoka basi ni ipi? Kwa mzazi wa kwanza anayeishi karibu na kituo: uchungu kila dakika 5, unaodumu karibu dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Kwa aliyekwisha kuzaa, asingoje dakika 5. Ukishakuwa na mpangilio wa kila dakika 10 aondoke, kwa sababu njia iliyokwisha kupitisha mtoto hufunguka haraka, na kutoka dakika 10 hadi hamu ya kusukuma inaweza kuwa mwendo wa saa mbili. Na anayeishi mbali, au ng'ambo ya mto unaofurika, au mahali ambapo bodaboda hazipatikani baada ya saa 4 usiku, hesabu yake ni moja: uchungu ukishapata mpangilio, safari. Mwongozo wa dakika 5 uliandikwa kwa watu wenye gari mlangoni.

Hapa tuseme neno kuhusu ile kauli ya "bado". Mlango wa kizazi hufunguka mpaka sentimeta 10. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu kuwa umekolea kuanzia sentimeta 5. Miongozo ya zamani ilisema 4. Kabla ya hapo kuna hatua ya mwanzo ambayo kwa mzazi wa kwanza inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na mwili haujakosea kitu. Baada ya sentimeta 5, mzazi wa kwanza kwa kawaida hazidi saa 12, na aliyekwisha kuzaa hazidi saa 10. Kwa hiyo mkunga anayemwambia mwenye sentimeta 2 asubiri ana hoja: akilazwa mapema mno, wodi inachoka naye, na anaishia kuongezewa dawa za uchungu au upasuaji ambao pengine haukuhitajika. Lakini kumrudisha kilomita 30 kwa pikipiki usiku, bila kumweleza arejee akiona nini, ni jambo tusiloweza kulitetea. Mwenye nyumba mbali apewe kitanda, au akae kwa ndugu jirani na kituo, au kwenye nyumba ya kusubiria uzazi pale ilipo.

Maji ya uzazi yanastahili nafasi yake. Watu husubiri chupa ipasuke kwa kishindo. Kwa wengi hupasuka wakati uchungu umeshakolea, na ni kama mama 8 hadi 10 kati ya 100 waliotimiza siku ambao maji hutangulia kabla ya uchungu. Tena si lazima yamwagike. Yanaweza kuchuruzika kidogo kidogo, na mama akadhani mkojo umemponyoka. Namna ya kujua: akojoe amalize, avae pedi safi au kitambaa cheupe cha pamba, alale nusu saa, kisha asimame. Maji yaliyojikusanya ukeni yatatoka kwa mkupuo anaposimama. Mkojo una harufu yake na unaweza kuzuiwa. Maji ya uzazi hayazuiliki kwa kubana, na harufu yake ni ndogo, ya utamu fulani.

Rangi ndiyo habari. Maji meupe au ya manjano hafifu kama ya majani makavu, yenye vipande vidogo vyeupe, ni ya kawaida. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto ameshajisaidia tumboni na huenda amechoka, kwa hiyo hakuna kungoja uchungu. Yakinuka vibaya, au mama ana homa, ni maambukizi. Na yakitoka kabla ya wiki 37, hata kijiko kimoja, ni safari ya hospitali wakati huohuo.

Hata maji yakiwa safi na mimba imekomaa, mama aende kituoni, akiwa ameandika saa yalipoanza kutoka. Wengi wataanza uchungu wenyewe ndani ya saa 24, lakini kila saa inayopita mlango uko wazi kwa vijidudu. Ndiyo maana baada ya chupa kupasuka hakuna tendo la ndoa, hakuna kujiingiza kidole "kuangalia njia", hakuna kukalia beseni la maji ya dawa. Pedi tu, na ibebwe hiyo iliyolowa ili mkunga aone rangi.

Kuna ajali moja ya nadra ambayo lazima itajwe kwa sababu dakika zake ni chache. Maji yanapotoka kwa nguvu wakati kichwa cha mtoto bado kiko juu, au mtoto amelala vibaya, kitovu kinaweza kutangulia. Mama ataona au kuhisi kitu laini kama kamba ukeni. Kisirudishwe ndani wala kuchezewachezewa. Apige magoti, kifua kiguse godoro, makalio yawe juu, ili kichwa cha mtoto kisikibane kitovu. Abaki hivyo, au alale ubavu makalio yakiwa juu ya mito, mpaka afike mahali penye upasuaji.

Sasa kwa bibi, mama wakwe na mashangazi, ambao neno lao nyumbani ndilo la mwisho. Lipo jambo moja mnalolisema kwa nia njema ambalo tunaomba liachwe: kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, kwa hiyo akiacha kucheza ndiyo dalili ya uchungu. Siyo. Mwishoni mtoto amebanwa, kwa hiyo mateke yanaweza kugeuka kuwa kujinyoosha na kujiviringisha, lakini idadi haipungui. Anacheza mpaka siku ya uchungu, na hata ndani ya uchungu. Mama akihisi amepunguza, ale kitu, alale ubavu wa kushoto, aweke akili yake hapo tu, ahesabu. Mizunguko 10 inapaswa kutimia ndani ya saa mbili. Isipotimia, aende sasa hivi, si kesho asubuhi. Na kama hajahisi chochote kabisa, hata hizo saa mbili asizingoje.

Mengine ambayo huchanganywa na uchungu ni haya. Damu nyekundu isiyo na maumivu inaweza kuwa kondo la nyuma limekaa chini, mlangoni. Mama huyo asipimwe kwa kidole na mtu yeyote mpaka ijulikane kondo liko wapi, na wanaomsindikiza wawe tayari kuchangia damu. Tumbo gumu kama ubao, maumivu yasiyopumzika, damu ikionekana au isionekane, inaweza kuwa kondo limebanduka. Damu nyingi inaweza kubaki ndani, hivyo kiasi kinachoonekana kwenye kanga kisiwadanganye. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hiyo ni shinikizo la damu la ujauzito, na hatua inayofuata ni kifafa cha mimba. Hayo hayana habari ya kuhesabu dakika.

Vivyo hivyo uchungu wenye mpangilio kabla ya wiki 37. Familia nyingi hukaa nao wakisema "bado mwezi, utapoa". Kabla ya wiki 34 zipo sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kwa kawaida nne, kila baada ya saa 12, na zinatolewa pale penye uwezo wa kumtunza mama na kichanga njiti. Mama akifika akiwa na sentimeta 3, upo muda wa kuzitumia. Akifika anasukuma, haupo.

Kuhusu mizizi, mafuta ya nyonyo na vidonge vya kununua kimyakimya "kuongeza uchungu": mfuko wa uzazi unapokaza, damu inayokwenda kwa mtoto hupungua, na mtoto huishi kwa yale mapumziko ya katikati. Dawa hizi hufuta mapumziko. Mtoto anachoka, anajisaidia, na kizazi, hasa chenye kovu la upasuaji, kinaweza kuchanika. Kwa nje wanaona uchungu umepamba moto na wanafurahi. Aliyekwisha kunywa amwambie mkunga bila aibu, maana akinyamaza anaweza kuongezewa dawa ya hospitali juu ya ile aliyokunywa nyumbani.

Wapo ambao hesabu zote za hapo juu haziwahusu, na uchungu wa kwanza kabisa ni wa kuondokea: aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, mwenye mapacha, ambaye mtoto ametanguliza makalio au amelala mlalo, mwenye shinikizo la damu au kisukari, na aliyezaa mara tano au zaidi. Hao ni wa hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati, na kama ni mbali wawe wameshahamia karibu wiki ya 37 au 38.

Mfuko uwe tayari tangu wiki ya 36: kadi ya kliniki na ya bima, kanga nne au tano zilizofuliwa na kupigwa pasi, pedi kubwa, nguo, kofia na soksi za mtoto, sabuni, beseni, na mpira wa kutandika kitandani pale kituo kinapoutaka. Simu iwe na chaji. Kwa dharura Tanzania kuna mfumo wa usafiri wa m-mama. Namba ni 115, haitozwi. Iandikeni ukutani mapema, msije mkaitafuta gizani. Njiani, mama akisema anasikia choo kikubwa na hawezi kujizuia, mtoto yuko mlangoni: simamisheni gari, asibanwe miguu. Mtoto akitoka akaushwe, awekwe kifuani kwa mama, wafunikwe wote wawili, kitovu kisikatwe kwa kiwembe cha dukani na kondo lisivutwe. Kisha safari iendelee.

Ombi letu kwa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya ni dogo. Hudhurio la wiki ya 36 litengewe dakika kumi, na mama aitwe pamoja na yule atakayelala naye nyumba moja usiku huo wa uchungu, awe mume, mama mkwe au shangazi. Mkunga aandike juu ya kadi, kwa kalamu na kwa herufi kubwa, mambo matatu ya mama huyo: aondoke uchungu ukifika dakika ngapi, aende kituo gani, na ampigie nani.

Wakunga wawili,
Morogoro